Mama Alisema Hajambo

Nyumbani kwa Mama,
Chumba cha uani,
Jumapili, wiki ya pili baada ya mazishi.

Mpendwa Kaka,

Hujambo? Wifi hajambo? Na wale watoto ambao mama aliwajua kwa picha, masomo yanaendaje? Ni matumaini yangu kuwa nyote ni wazima na kwamba baridi ya huko haijakushika kifua. Ukituuliza sisi, hatujambo, isipokuwa mama, ambaye amekufa, kama nilivyokueleza kwa simu ile uliyosema uko ukumbini, utanipigia.

Hongera kwa tuzo. Baba mdogo alitusomea habari zako kwenye simu yake, kwamba katika tiba shufaa, hiyo ya kuwapunguzia maumivu wasiopona, hakuna mwandishi anayenukuliwa na wenzake kama wewe. Alisema makala yako moja imetajwa mara elfu na ushee. Shangazi, ambaye siku hizi anasikia nusunusu, akauliza umefanya kosa gani, maana kesi ikitajwa mara zote hizo mshtakiwa huozea rumande. Tulicheka, Kaka. Ndicho kicheko pekee tangu tumzike mama.

Makala yenyewe naijua. Si kwamba nimeisoma, mimi na cherehani yangu nitaisomea wapi. Nilisimuliwa wodini, kando ya kitanda cha mama. Daktari wake, kijana mwenye miwani, alipojua huyu ndiye mama yako alishika kichwa kwa furaha. Alisema maandishi yako ndiyo yaliyomfundisha kazi. Akanieleza ulichogundua: kwamba ndugu wakisimulia maumivu ya mgonjwa huyazidisha kwa sababu ya hofu yao wenyewe, kwa hiyo daktari alitangulize neno la mgonjwa.

Basi akawa analitanguliza. Kila asubuhi anasimama upande wa miguuni, anasema, "Hujambo, mama?" Na mama, aliyekuwa ameng'ata kona ya shuka, anaitoa mdomoni, anajibu, "Sijambo, baba." Kijana anaandika, anaenda kitanda cha pili. Dawa ya maumivu inabaki kipimo kile kile cha jana.

Nilimwambia mama aseme anaumwa. Alinitazama kama mtoto aliyekosa adabu. "Mtu anakusalimu," alisema, "wewe unaanza kummwagia shida?" Nikamgeukia daktari, nikamweleza kuwa mama halali, anakwaruza ukuta mpaka rangi imebanduka. Aliinamisha kichwa kwa huruma, akanishauri nipumzike. Hapo nikajua nimeshaingia kwenye makala yako, mimi ndiye yule ndugu anayezidisha.

Ndipo nikakupigia. Sikukuomba uje wala utume kitu. Nilikuomba umwambie neno moja tu kijana huyo anayekuabudu: asimuulize mama kama hajambo, amuulize panauma wapi. Mama mwenyewe alikuwa akiwatambia manesi kuwa kazi ya mwanawe ni shufaa, akiamini maana yake ni kwamba unawaombea wagonjwa. Nawe ukanijibu, "Dada, siwezi kuingilia kazi ya mwenzangu. Ninyi ndugu wa mgonjwa hamjui mnavyozidisha." Daktari ni mwenzako, Kaka. Mimi na mama ni ninyi.

Huko uliwahoji watu ambao ukiwauliza hali, wanakueleza. Huku kwetu mtu anasema hajambo roho ikiwa kooni. Hilo halikuhitaji utafiti. Wewe mwenyewe mama alikuzaba kofi siku ulipomjibu mgeni kuwa tumbo linakuuma, na ulilia mpaka ukalala chini ya meza. Sijui ni kitabu gani kilikusahaulisha.

Asubuhi ya mwisho sauti haikutoka. Midomo tu ndiyo iliyocheza, na daktari akaelewa, maana jibu alishalizoea. Mama alikufa mchana ule amenishika mkono kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo. Kucha zake zimeniachia alama, na hapa sizidishi.

Nimekuchukia, Kaka. Nakuandikia nikiwa bado nakuchukia.

Jana daktari alikuja kutupa pole, akaketi kwenye kiti cha mama bila kujua. Ana nia njema, maskini. Anataka kuandika makala kuhusu mgonjwa aliyeondoka kwa utulivu bila kulalamika hata mara moja, na bila shaka atakunukuu. Nimemkubalia kwa sharti moja, aandike pia kwamba mgonjwa huyo alikuwa mama mzazi wa anayenukuliwa. Kasema hapo ni lazima wewe uridhie. Tafadhali mjibu upesi. Safari hii hutakuwa umeingilia kazi ya mwenzako, na utakuwa umetajwa mara moja zaidi.

Baba mdogo anakusalimu. Shangazi anakusalimu pia, anauliza kama umepata dhamana. Nisalimie wifi na watoto. Wafundishe kwamba wakiugua waseme panapouma.

Mungu akupe umri mrefu, Kaka, na siku yako ikifika akujalie daktari ambaye hajasoma maandishi yako.

Wako akupendaye, kama mama alivyoagiza,

Dada yako, ambaye hajambo.