Pumzi Zako, Sudi

Sudi mwanangu,

Leo ni arobaini yako. Maziwa yamekauka, na baba yako amerudi kazini kulinda maofisi kule Schuman, huku huku ughaibuni. Mimi niko nyumbani na ile karatasi aliyotuchorea daktari, naitazama mpaka chai inapoa.

Alichora njia mbili. Ya chakula ilikuwepo. Ya pumzi, ile ya shingoni, haikuumbwa kabisa. Ulikuwa na figo moja tu, na mkono wako wa kulia haukuwa na kidole gumba. Ulipotoka tumboni ulipanua mdomo, ukakunja uso, ukalia kwa nguvu zako zote, wala sauti haikutoka. Mrija wa hewa ukagoma kupita. Madaktari wakaupitisha kwenye njia ya chakula na, subhanallah, kifua chako kikapanda! Kumbe huko chini palikuwa na kitundu kidogo kilichounganisha njia hiyo na mapafu. Nani alikitoboa, mwanangu? Ndani ya tumbo langu hili hili, nami nauza sura tu mtaani Matonge, sina habari!

Uliishi masaa matano tu, Sudi. Baba yako alikuadhinia sikioni, nawe ukanishika kidole kwa vidole vyako vinne, ukakibana kweli kweli.

Sasa nikuombe radhi. Bibi yako alipopiga simu kutoka Tanga aliuliza wanachouliza wazee wetu wote: "Alilia?" Kwao mtoto asiyelia haswaliwi wala hapewi jina. Nilikuwa hoi, nikajibu, "Hakulia." Basi nyumbani ikajulikana kwamba mimba imeharibika. Hakuna aliyeweka msiba. Huku shehe alimuuliza baba yako swali lilelile, akaelezwa, akasema alipumua, yatosha, na ukaswaliwa. Lakini Tanga hukuzaliwa, na kosa ni langu.

Asubuhi hii nimempigia bibi. Nimemweleza kitundu, kifua, vidole vinne. Kisha akasema, "Kumbe nina mjukuu, hamkuniambia!" Akaangua kilio, nami nikalia naye.

Nakuahidi nitawapigia wote, mmoja mmoja, mashangazi na wajomba, mpaka asibaki asiyekujua. Kwaheri, baba yangu mdogo. Bibi yako ameshatandika mikeka, na jioni hii Tanga nzima inakusomea hitima kwa jina lako.

Mama yako