Mpira wa Juu Ni wa Nani?

Muaither,
Doha, Qatar.
14 Machi 2009

Mpendwa Mjomba Hemedi,

Assalaam alaykum. Kwanza nipe habari za goti lako, na kama bado unalisingizia ukiitwa shambani. Mkazamjomba Warda hajambo? Mimi mzima wa mwili, alhamdulillahi. Kichwa ndicho kimevurugika.

Barua hii nimempa mwenzangu Fabian, anakuja likizo, maana mambo yenyewe hayaelezeki kwa simu. Nilikuomba usipeleke kwanza posa ya Mwajuma kule Pangani, nawe ukaniuliza kama nimebadili nia. Sijabadili, mjomba. Nampenda yule binti mpaka najionea haya. Ninachoogopa ni kwamba baba yake amenikataa, na wazee wa Pangani hawatatamka neno kabla ya kumsikia yeye. Na chanzo chote ni mpira.

Usicheke. Huyo baba yake, Mzee Nassoro, ni mlinzi wa uwanja mmoja hapa Abu Hamour. Kila Ijumaa Wafilipino na Wajapani huja pale kucheza besiboli, ule mchezo wa kupiga mpira kwa gongo. Walikuwa wakigombana kila wiki, hawa wakidai mwamuzi ni wa wale, wale wakidai ni wa hawa, mwishowe wakamfundisha mzee kazi hiyo kwa kuwa hana upande. Akahitaji mwenzake, akanichukua mimi. Nikasema bahati imenifuata mlangoni, nitakaa na mkwe kila Ijumaa aone tabia yangu. Ameiona kweli.

Mchezo wenyewe uko hivi. Mpira ukipigwa juu ukaenda mbali, mchezaji akaudaka kabla haujagusa chini, mpigaji ametoka. Ukigusa chini kwanza, hata kidogo, hajatoka. Sasa mdakaji yuko mbali huko, amelala kifudifudi na mpira uko chini yake, nani atajua? Lazima mwamuzi mmoja aukimbilie akatazame, na mwingine abaki na wakimbiaji, yaani waliokwisha kupiga, wanaozunguka kwenye vituo. Mzee anasimama nyuma ya mpigaji, mimi nipo huku mbele kwenye vituo. Tumegawana uwanja, na hapo ndipo nilipopotea.

Ijumaa ya kwanza mpira ulikwenda kulia. Nikamwachia mzee. Wewe ndiye uliyenilea tangu baba afariki, unajua ulivyonifunza: mkubwa akiwapo, mdogo hatangulii kusema. Kumbe mzee naye ameniachia mimi. Hakuna aliyesema umedakwa wala haukudakwa, na wachezaji wametukodolea macho. Kwenye gari alinifokea njia nzima. Ati vituoni pakiwa hapana mkimbiaji, mpira wa katikati na wa kulia ni wangu mimi, na nisingoje mtu.

Haya. Ijumaa ya pili mpira ukaenda palepale kulia, pembeni kabisa. Nikautimulia mbio, nikatoa hukumu kwa sauti, hata sifa nikajipa. Mzee akaja juu. Huo mpira ulikuwa wake! Kumbe safari hii mkimbiaji alikuwapo, na akiwapo mimi husogea ndani, katikati yote inakuwa yangu, lakini pembeni, kushoto na kulia, ni kwake. Nilipokuwa nikishangaa mpira, yule mkimbiaji akaruka kituo kizima bila kukigusa, nyuma ya mgongo wangu, na hakuna aliyemwona. Yaani mahali palepale, wiki moja pangu, wiki ya pili pake. Nilimuuliza Mwajuma kama baba yake anagombea mpira au ananigombeza mimi. Akacheka, akasema mama yake ameishi naye miaka yote na bado hajajua tofauti. Ndiyo siku niliyokupigia usubiri.

Sasa jana. Mkimbiaji yupo kituoni, mpira ukapigwa katikati kabisa. Wangu huo, sina shaka, nilishakariri kama sura za chuoni. Nikaukimbilia. Kijana wa Kijapani akajitupa, nikaona vumbi likiruka kabla hajaufunika kwa glavu. Nikatandaza mikono, haukudakwa. Kugeuka, mzee kanyanyua ngumi juu, mpigaji ametoka. Waamuzi wawili, hukumu mbili, na timu zote mbili zinatujia.

Nilitamani kughairi, mjomba, sikufichi. Nikisema macho yamenidanganya, nadhani naokoa ndoa yangu. Mzee akaja taratibu, akanivuta kando.

"Umeona?"

"Umegusa chini, baba."

"Mimi nimeona umedakwa."

"Umegusa chini, baba."

Akashusha ngumi mbele ya watu wote, akatangaza haukudakwa. Wajapani walikasirika, mmoja akatupa kofia yake miguuni pa mzee. Hakunitazama tena mpaka mchezo ukaisha, na garini macho yake yakawa barabarani tu. Nikajua yamekwisha. Tulipofika kwangu, nimeshafungua mlango nishuke, ndipo aliponena.

"Mjomba wako anangoja nini?"

Nikamjibu sijui. Hivyo ndivyo nilivyomjibu! Tangu hapo najiuliza kama ni mtego, ni kejeli au ni ruhusa. Mwajuma anasema mimi ni mjinga tu, na hataki kunieleza zaidi.

Nisalimie sana mkazamjomba, dada Mwanaidi na wanawe, na Bibi Salima, mwambie kanzu aliyonipa bado nzuri na nitaihitaji. Mola akulinde, akupe afya ya hilo goti, maana lina safari. Mimi bado sijaelewa kitu, mjomba. Usinisubiri nielewe. Nenda Pangani.

Mpwa wako akupendaye na kukuhitaji,
Shabani