Salamu Kwenye Sehemu ya Kahawa

Mama,

Huku Meru ukungu umeshuka hadi kwenye migomba, na maua ya kahawa yananukia mpaka nasinzia. Mlima wenyewe sijauona bado. Nipo jikoni kwa Mama Eliamani, mkulima aliyeniita nimtengenezee tovuti, nakunywa mtori wa moto, supu yao ya ndizi na nyama. Nimemwekea mfumo huria wa kuandikia tovuti, wa bure, usio na sura yake: anaandika mahali pamoja tu, maneno yanatokea kwenye simu na kompyuta za wanunuzi popote walipo. Mfumo wenyewe hauonekani, kama huu mlima.

Kwenye sehemu ya maelezo ya kahawa akaandika, "Hamjambo wanangu? Huku mvua imenyesha. Ng'ombe wenu wazima?" Nikamwambia afute, wanunuzi watakimbia.

"Nitamuuziaje mtu sijamsalimia?"

Tukaiacha salamu yake. Ujumbe wa kwanza umeingia sasa hivi, kutoka mbali: "Shikamoo mama. Hatujambo. Ng'ombe hatuna, ila mvua ipo. Tupe habari za kahawa."

Nafasi kwenye kadi hii ya posta inakwisha, na ndiyo kwanza naona nimeandika yote haya bila kukusalimia. Shikamoo, mama yangu. Umeamkaje?

Mwanao,
Neema