Stima Ndani ya Nguzo Nyeusi

Sagalla chini, Ijumaa 4 Aprili 2025

Mwanangu Koki,
Habari za masomo? Kifua kimepona? Mimi ni mzima, goti tu ndilo hunisumbua asubuhi.

Fensi ya stima ya kuzuia ndovu tumemaliza. Nguzo zako nyeusi ulizotengeneza chuoni zimesimama toka kwetu hadi kwa jirani Kaloki, mwenyekiti wa kikundi chetu cha wakulima. Mchwa hawazitaki. Kaloki alipiga moja kwa shoka, shoka likaruka nusura limrudie usoni! Kanisani wamekuombea.

Ila tangu mvua ya juzi nguzo zinalia, ta, ta, ta. Leo mbuzi amejikuna kwenye nguzo, si waya, nguzo, akaruka kama amechomwa. Nimeogopa. Ni sawa kweli?

Mama yako

Nairobi, Jumamosi 5 Aprili

Mama, pole na goti. Kifua kimepona. Msiguse nguzo.

Ule unga mweusi niliochanganya ni mirija ya kaboni, myembamba kuliko unywele mara maelfu. Kidogo tu huipa plastiki nguvu. Lakini mirija ikigusana hupitisha stima. Nilipima kwenye plastiki ya mitungi peke yake, haikupitisha, nikafurahi. Ila nguzo zenu nilizitengeneza kwa plastiki mbili, ya mitungi na ya viti vilivyovunjika. Zikichanganywa, mirija yote hukimbilia plastiki moja na kubanana humo. Leo nimepima kipande cha nguzo yenyewe: stima imepita. Nguvu ya kumzuia ndovu inateremkia udongoni.

Mwambie Kaloki asiitegemee fensi. Lakini tafadhali Mama, usimwambie ni unga wangu. Sema ni mvua. Mwalimu wangu, Daktari Tryphena, akijua nilipima vibaya nitafukuzwa. Nipe wiki moja.

Mwanao Koki

Jumatatu 7 Aprili

Mama, u mzima? Simu yako imezimwa tangu jana. Elsie wa dukani naye hashiki. Nasikia ndovu wameingia Sagalla. Niandikie neno moja tu.

Mwanao

Voi, Jumanne 8 Aprili

Koki, niko hai. Nimepata chaji hapa hospitalini.

Nilimwambia Kaloki ni mvua, kama ulivyotaka. Akacheka: "Basi jua likiwaka itapona." Jumapili jua likawaka. Tulipotoka kanisani ndovu watatu wakatokea. Nikaita, "Kaloki, toka hapo!" Akajibu, "Mama Koki, fensi imekauka, waache waguse waone!" Akasimama nyuma ya waya akipiga debe. Yule jike mkubwa akaugusa waya kwa mkonga, akatulia kidogo, kisha akaulalia na kifua. Nguzo hazikuvunjika, mwanangu. Zilipinda zote pamoja, zikamlaza Kaloki chini. Mguu umevunjika mara mbili, na mbavu.

Mahindi waliyokula si neno. Nilijua ukweli, nikauficha. Leo nimemsomea ujumbe wako wote, hata pale pa mvua. Hakututukana. Ameuliza tu, "Na zile nguzo nyingine zilizopelekwa kwa wakulima wa Maungu?"

Mama yako

Nairobi, Jumanne, saa kumi

Mama, pole sana, na Kaloki mpe pole yangu kama ataipokea.

Nilipofika kwenye neno Maungu nilikwenda mbio kwa Daktari Tryphena, nikamwambia kila kitu, na uongo wangu pia. Akapiga simu Maungu mbele yangu. Wameambiwa wasiitegemee fensi kabisa, na wameanza kukata bomba la mpira wavike waya kila unapogusa nguzo, stima isipite. Hakuna aliyeumia huko. Bado. Mambo yangu ya chuo yataamuliwa Ijumaa.

Kesho napanda treni ya asubuhi. Macho ya Kaloki nayaogopa kuliko ndovu. Nianzie wapi?

Mwanao Koki

Voi, Jumanne jioni

Mwanangu, usianzie nyumbani. Njoo wodini moja kwa moja, nitakuwa mlangoni. Tutaingia pamoja. Ujumbe nilimsomea, lakini neno lenyewe la kuomba msamaha, hata mimi bado halijanitoka.

Mama yako