Jina la Masika Lina Mwenyewe

Yosamu,

Nani alikufundisha kuzika mtoto halafu kumwibia jina? Eti huyu mchanga naye umemwita Masika! Kwetu Bakonzo Masika ni binti wa kwanza, wa pili ni Biira. Hilo hata mbuzi wangu wanalijua. Ulitaka wauguzi wa Kasese wadhani hukuwahi kupata mwingine.

Hapa Bwera tuko, kahawa inakauka vizuri. Mke wako Shallon alifika Jumanne na mtoto, mdomo umemvimba. Nikamuuliza, "Biira wangu hajambo?" Akaangua kilio. "Mama, Masika hakufa na malaria. Yosamu alimbamiza ukutani kwa sababu alikuwa analia."

Kumbe! Kwenye msiba nilikushika wewe mkono, nikakupikia uji wewe, na Shallon nikamwacha jikoni peke yake. Nilikuamini kwa sababu nilikuzaa.

Mkunga wa hapa aliona alama za vidole kwenye mkono wa mtoto, akasema sheria inamtaka apeleke habari polisi. Aliniangalia kwa woga. Nikamwambia, "Twende wote, binti yangu. Mimi ndiye nitasema." Nimesema yote, na jina lako nimelitaja.

Biira analala kwangu. Usikanyage Bwera kumfuata. Nenda polisi hapo Kasese leo, kwa miguu yako, useme kwa kinywa chako ulichomfanyia mwanao, kabla afande hajaja kukutoa kitandani.

Ni mimi mama yako,
Yayeri