Dohani ya Agustino

Jumatatu, 2 Juni 2025
Baridi ya leo Njombe si ya mchezo. Nimeshindwa hata kumaliza kufuma sweta moja ya shule, vidole vimegoma.
Dorosela, mpangaji wangu wa siku nyingi kule Makambako, kapiga simu. Kiwanda cha kupaki parachichi kimesimamisha kazi — bei imeanguka, wanunuzi wametoweka. Erica na Geofrey, wapangaji wenzake, walikuwa vibarua humo. Wote wawili wanataka kuhama.
Vyumba sita, viwili vitabaki vitupu! Na kodi ya vyumba vile ndiyo inayomsomesha Hilda uuguzi. Visipopata watu, mwanangu anarudi nyumbani. Nimesali. Kisha nimekula sufuria nzima ya viazi kwa hasira.

Jumanne, 3 Juni
Shemeji Danford kaja hapa mtaani kwetu Ramadhani. Ana nyumba tatu Makambako, mtaa uleule wa Lyamkena ilipo yangu, za kisasa, choo ndani, jiko ndani. Kanishauri nibomoe lile jiko la nje, nijenge vyumba viwili vya "self". Eti mwenye mshahara hahamihami.
Jiko lenyewe ni la Agustino. Mume wangu alijifunza uashi misheni, akaamini kila nyumba ya heshima lazima iwe na dohani ya kutolea moshi. Mimi nilitaka chumba cha saba pale. Akajenga jiko la wapangaji wote, meko manne, na dohani ya matofali utadhani anawajengea mapadre. Nimemnunia miaka yote hii.
Jioni nikamwambia tunabomoa. Akamaliza chai yake kwanza.
"Bomoa. Ila dohani nitaibomoa mwenyewe."
Na mgongo wake ule mbovu!

Alhamisi, 5 Juni — usiku
Nilikwenda Lyamkena kuwapa wapangaji taarifa. Upepo wa Makambako ulitaka kunivua kitenge.
Nikawakuta wote jikoni. Tukasalimiana kamwene, kamwene, nikapewa kigoda karibu na moto. Stanley, anayepasua mbao, alikuwa ameleta mabanzi, yale maganda ya magogo yasiyouzika, na wote wanapikia hayo. Dorosela anakaanga maandazi ya stendi. Na Erica anasukuma unga! Tangu kiwanda kisimame anamsaidia. Geofrey ndiye anayezungusha beseni kwa madereva wa malori.
Nikauliza wanahama lini. Erica akafuta mikono.
"Mama Hilda, nilikuwa nirudi Manda kwa wazazi. Lakini kwa moto huu kodi yako naipata. Tukubalie tubaki."
Geofrey akaitikia kwa kichwa. Maneno ya kubomoa nikayameza pamoja na andazi.
Nikirudi nimepita kwenye nyumba za shemeji. Mbili zina kufuli. Wale wenye mshahara walikuwa mabosi wa kiwanda hichohicho!
Nimewaza njia nzima. Kazi ikisimama, mtu anaikimbia kwanza nyumba kubwa. Hata chumba kidogo atakikimbia, asipoona pa kuanzia tena. Kwangu pa kuanzia papo, na si mimi niliyepafikiria. Asante Mungu kwa ukaidi wa mume wangu. Nimeshukuru mpaka machozi yakanitoka ndani ya gari, abiria jirani akanipa kiti cha dirishani akidhani nataka kutapika.
Sibomoi. Nitamwambia kesho.

Ijumaa, 6 Juni
Sijamwambia. Kila nikifungua kinywa, nauliza habari za viazi. Kununa miaka yote ile, halafu niseme ulikuwa sahihi? Yeye ananoa patasi.

Jumamosi, 7 Juni — Lyamkena
Nimeamka, upande wake wa kitanda wa baridi. Kaondoka na basi la kwanza, simu kaiacha mezani! Nimemfuata mbio.
Nimemkuta juu ya ngazi, mgongo kaufunga mkanda. Anagonga tofali la juu kabisa, taratibu, kama anayemvua mtoto kofia. Chini meko yote yamezimwa. Dorosela na Erica wamesimama na beseni la unga ulioumuka. Wananitazama mimi.
Tofali limetoka zima. Kalipangusa, kaniteremshia nilipokee. Kisha kaomba nyundo kubwa.
Nimeiona. Nimeikalia. Naandika hivi huku baridi ya chuma inapenya kitenge, na yeye anaita.
"Mama Hilda, nyundo."
Nimemwambia ashuke kwanza, tunywe chai.
Anauliza chai gani, na moto umezimwa.