Kahawa Mfukoni mwa Kosmas

Jumatatu, 9 Februari 1953
Nimechemsha kahawa ya kutafuna tangu asubuhi. Mbichi, na majani yake ya harufu, kisha juani. Paulina, mke wa mwanangu, alitaka kuiepua mapema. Nimemfukuza jikoni, mimba yake na yote. Naandika Kiswahili cha Masista kwa sababu Kihaya Paulina anakisoma. Kiswahili kinamshinda.
Kosmas anakwenda Muleba kesho, kupuliza dawa ya wadudu kwenye mibuni ya watu. Bwana Shamba kamchagua yeye. Pampu anaibeba mgongoni. Nimemfungia kahawa kavu ya wiki jana kwa ganda la mgomba, kifundo kidogo, nikakitia mfuko wa shati. Mwanamume wa heshima hatembei bila kahawa ya kutafuna. Na ya mama yake.

Jumapili, 15 Februari
Karudi. Kakonda. Shati gumu kama ngozi ya mbuzi, linanuka kitunguu saumu kilichooza. Macho yanamtoka machozi, mate yanamjaa. Misa hakwenda. Nimemgombeza.
Akacheka: "Mae, dawa inaua wadudu. Mimi mdudu?"
Nikamwambia kwa kichwa hicho ni dudu zima. Hata Paulina alicheka. Kahawa imemwishia, kaomba nyingine. Nimemfungia vifundo viwili. Kesho anarudi kazini.

Jumatano ya Majivu, 18 Februari
Nimefunga. Paulina hakufunga, ana mtoto tumboni. Usingizi sina. Yale mate siyapendi.

Jumamosi, 21 Februari
Wamemleta kwa lori mpaka hospitali ya mjini. Jasho kama kanyeshewa. Anatetemeka, kifua kinapiga filimbi, hanioni vizuri. Nilimshika mguu tu, kwingine walimshika wauguzi.
Daktari alimwuliza Adriano, mwenzake wa pampu, wanakula nini kazini. Adriano akasema hawali, wanatafuna kahawa tu. Mikono imelowa dawa, maji ya kunawa yako mbali bondeni, mtu anatia vidole mfukoni, anatia mdomoni. Kutwa nzima.
Daktari akatoa kifundo kwenye lile shati. Kimelowa. Kinanuka kitunguu saumu.
Ganda la mgomba nilifunga mimi. Fundo langu.

Jumatatu, 23 Februari
Anapumua. Paulina kachukua lile shati akafue mtoni. Nimempokonya. Nimempigia kelele, na mtoto tumboni, mwanamke huyu! Tumelichimbia shimo nyuma ya choo. Nimelia. Yeye kanishika mkono. Ana mkono mzuri. Sitamwambia.

Alhamisi, 5 Machi
Kosmas yuko nyumbani. Vidole havijatulia. Kijiko kinamwaga uji, Paulina anafuta, mimi natazama migomba.
Msimamizi wao kaja, viatu safi. Anamtaka kwenye pampu wiki ijayo. Nikamwuliza, hiyo pampu ina mama? Nikamwuliza maji ya kunawa yatakuwa karibu? Akasema ataangalia. Aangalie!
Niliogopa Kosmas atakubali. Kiburi kanirithi mimi. Akainua mkono wake, ukatetemeka mbele ya yule mtu.
"Mzee, mkono huu haunitii. Sirudi."
Nimeingia ndani nimekaa kitandani. Asante Mungu.

Jumapili, 8 Machi
Adriano kaja kumwona baada ya misa. Mgeni lazima apewe kahawa. Wiki hii nilichuma ya mbuni wa nyuma ya jiko, ambao hakuna mtu amewahi kuupulizia kitu, nikachemsha, nikaanika. Nimeitoa kwenye kikapu kidogo. Adriano kapokea.
Kosmas kageuza uso.
Anaogopa. Mwanangu anaogopa kahawa ya mkono wangu. Sikumgombeza.
Nikachukua moja, nikaipasua. Punje mbili, kama zote. Moja nikatia mdomoni mwangu. Mimi kahawa hii siipendi, chungu, nimeipika miaka yote kwa ajili ya wengine. Nikatafuna mbele yake mpaka ikaisha. Nikakaa. Paulina alikuwa mlangoni.
Kosmas akanitazama sana.
Kisha akafungua mdomo, kama alipokuwa mdogo. Nikamwekea ile ya pili.
Katafuna polepole. Nje mvua imeanza.
Paulina ameinjika ndizi. Harufu nzuri.